Barua ya Balozi kwa Bondia wa Uani

Kwanza niliisikia kamba.

Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza katika chumba nilichopanga Temeke. Hakukuwa kumepambazuka sawasawa, na nyuma ya ukuta, karibu kabisa na kichwa changu, kitu kilikuwa kinachapa ardhi: twaf, twaf, twaf. Nilidhani kuna mtu anachapwa, nikangoja kilio. Badala ya kilio ikaja sauti ya mwanamke.

"Sogea huko! Mchanga wote unaingia kwenye vitumbua. Nikiwauzia watu kokoto, nitasema nimeolewa na nani?"

Mwanamume akacheka. Kamba ikasogea hatua mbili, ikaendelea.

Nilijifunga msuli nikatoka uani. Mwanga wa kwanza ulikuwa unachungulia juu ya makuti ya uzio, na katikati ya uani mtu mmoja alikuwa anaruka kamba kifua wazi, miguu haigusi ardhi ila kwa kuionea huruma. Jasho lilimtiririka mgongoni likang'aa. Nilikuwa kijana niliyekuwa ninaandika riwaya na kutafuta shujaa, na nikaona nimepata mmoja kabla hata sijapiga mswaki. Mkewe alikuwa amechuchumaa mbele ya chuma cha vitumbua chenye vishimo saba, kijiti mkononi, na alinitazama kama mtu anayetazama mpangaji mwingine atakayechelewa kuoga.

Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku, vitatu kule, korido katikati. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane, mwenyeji wa Pwani, aliyewalea wapangaji wake kwa matusi na uji. Yeye ndiye aliyenieleza habari za yule mtu. Alikuwa Mzaramo, mtu wa hapahapa. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha vitambaa, akipakia marobota nusu siku, na nusu siku akiwa kwenye timu ya ngumi ya kiwanda. Aliwahi kuwa bingwa wa mkoa, na tangu hapo mtaa mzima ulimwita Bingwa. Ni mwaka gani alikuwa bingwa, hapo kila mtu alianza kukohoa. Mwenyewe alisema ana umri wa miaka ishirini na nane.

"Ishirini na nane," mama mwenye nyumba alisema, "alikuwa nayo tangu tunasubiri Uhuru. Ameipenda, hataki kuiacha."

Mimi nilikuwa nasahihisha makosa kwenye kiwanda cha uchapaji, kazi ya kukaa na kuwinda koma. Mali yangu kubwa ilikuwa saa ya mkononi niliyopewa na mjomba, na saa hiyo ilikuwa na mshale wa sekunde. Katika nyumba ile hakukuwa na sekunde nyingine. Mama mwenye nyumba alikuwa na saa ya ukutani, lakini ilipiga saa nne wakati wowote ilipojisikia. Haikupita wiki Bingwa akanisimamisha koridoni.

"Mwandishi, hicho kimshale chembamba kinatembea kweli?"

"Kinatembea, kaka."

"Basi kesho alfajiri uje nacho."

Kocha wao alikuwa ameteuliwa na kiwanda kwenda kusaidia kijiji cha ujamaa huko Rufiji, na habari zake za mwisho zilisema anajifunza kulima pamba na ana malengelenge. Kwa hiyo nikawa ndiye kocha, yaani saa yenye miguu. Bingwa alipigana na kivuli chake dakika tatu, mimi nikasema "basi," akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akapumzika dakika moja, nikasema "haya," akainuka. Raundi sita. Mkewe pembeni alikuwa anamwaga uji wa mchele kwenye vishimo vyake saba, anageuza, anaipua, na moshi wa mafuta ulituzunguka sote kama ubani.

Sikumbuki ni asubuhi gani nilidanganya mara ya kwanza. Sikuamua kudanganya, nilianza kwa adabu. Dakika ilikuwa imekwisha, nikamtazama, nikaona kifua chake bado kinakwenda juu na chini kama mtu anayebishana na mtu asiyeonekana. Nikanyamaza sekunde tano. Nani atakayedai sekunde tano? Wiki iliyofuata zilikuwa kumi na tano. Baada ya mwezi nilikuwa ninamwangalia yeye, siiangalii saa kabisa, na niliposema "haya" nilisema pale alipokuwa tayari. Aliinuka kama chui. Nilijivunia sana chui yule, kwa kuwa nilikuwa nimemtengeneza mwenyewe.

Ndipo likaja pambano.

Timu ya ngumi ya taifa ilikuwa inakwenda kupigana nje ya nchi, na nafasi moja ya uzito wa Bingwa ilikuwa wazi. Angepigana na askari kijana wa kambi moja, Jumamosi jioni, na atakayeshinda angepanda ndege. Bingwa alikuwa hajawahi kwenda mbali zaidi ya Morogoro, tena kwa lori la marobota. Neno "ndege" lilimwingia kichwani likajenga kiota. Kila ilipopita moja juu kuelekea uwanjani aliacha kutafuna.

Huyo askari, sasa. Miezi miwili nyuma alikuwa amempiga mtu wa bandarini mpaka akasahau njia ya kwao. Hayakuwa maneno ya kupamba. Mtu yule alipatikana Mbagala, anauliza nyumba yake mwenyewe ambayo ilikuwa Keko.

Mwenyekiti wa kamati ya michezo ya kiwanda alikuwa bwana wa ofisi ya utumishi, mtu mwenye mashavu laini ambayo hayakuwahi kupokea hata kofi la utotoni. Kwa kuwa kocha hayupo, alisema, kamati haina njia ya kujua kama mchezaji wao bado yumo katika kiwango. Kwa hiyo mchezaji alete barua ya kuthibitisha hali yake kutoka kwa balozi wake wa nyumba kumi.

Ambaye hakuishi miaka ile atadhani ninamsingizia. Lakini bila barua ya balozi hukupata sukari, hukusafiri, hukumwandikisha mtoto shule, na sidhani kama kuna aliyethubutu kufa bila kumwarifu. Ilikuwa hatua moja ndogo tu, kutoka kuthibitisha kwamba mtu ni mkazi mwema, mpaka kuthibitisha kwamba konde lake la kulia bado lina uzito. Hakuna hata mmoja wetu aliyecheka. Tuliona ni utaratibu.

Balozi wetu alikuwa fundi cherehani, na mhuri wake aliuweka kwenye kopo la vifungo. Aliitisha mkutano Jumapili baada ya alasiri, barazani kwake. Akanichagua katibu kwa sababu nilikuja na kalamu. Bingwa aliketi kwenye benchi la mbele katika shati lililopigwa pasi, magoti pamoja, kama bwana harusi anayesubiri kujibiwa posa. Mkewe alisimama nyuma kabisa, kanga imefunika mdomo.

"Ndugu wananchi," balozi akasema, "ajenda ni moja. Kiwanda kinauliza, huyu ndugu yetu bado yumo, au hayumo tena?"

"Wapi?" mtu akauliza.

"Kwenye ngumi, bwana! Wapi kwingine?"

Mama mwenye nyumba akanyanyua mkono, kisha hakusubiri kuruhusiwa. "Mie nasema yumo. Akipiga chafya, bati linaitika."

Nikaandika: chafya.

Akasimama jirani mmoja, fundi baiskeli. "Mie namwonaga kila Jumamosi anakimbia kwenda Mtoni na kurudi. Zamani nilikuwa nasikia vishindo, nikigeuka keshapita, naliona vumbi tu. Siku hizi tunasalimiana. Ananiuliza watoto hawajambo? Namjibu, mmoja mmoja, mpaka yule mdogo mwenye surua. Ndipo anapita."

"Watoto wako wangapi?" balozi akauliza.

"Saba."

Baraza zima likaangua kicheko. Bingwa naye akacheka, akitazama vidole vya miguu yake.

"Katibu, andika," balozi akasema bila kutabasamu. "Ana ushirikiano mzuri na majirani."

Mama mmoja akasema kwamba juzi kwenye foleni ya sukari Bingwa alisukumwa na mja mzito, akayumba mpaka karibu na mlango.

"Ile ilikuwa heshima!" Bingwa akaruka. "Nimpige mja mzito?"

"Hakuna aliyesema umpige, baba. Nasema uliyumba."

"Niliyumba kwa heshima."

Hapo ubishi ukawa wa wote kwa wote. Wengine walisema mwanamume anapimwa kwa anavyokula, wengine kwa anavyolala baada ya kula. Mzee mmoja alitaka aletwe jogoo, Bingwa amkimbize, na kweli mtu alikuwa ameshainuka kwenda kumtafuta jogoo, balozi akagonga meza kwa mkasi.

"Tumesikia maneno ya watu. Sasa tusikie kitaalamu." Akaninyooshea mkasi. "Wewe ndiye mwenye saa. Anapigana dakika tatu?"

"Tatu kamili."

"Na anapumzika?"

Watu wote walinigeukia. Bingwa hakunigeukia. Alikuwa anayatazama mafuta ya cherehani yaliyomwagika sakafuni, na sikio lake, lile lililovimba kama uyoga kwa miaka ya makonde, lilikuwa limetulia kabisa upande wangu.

"Dakika moja," nikasema. "Barabara."

Watu wakapiga makofi. Balozi akaniambia niandike barua, nami nikaiandika palepale, na Mungu anisamehe, nikaifurahia. Niliandika kwamba ndugu huyu yuko kwenye kilele cha nguvu zake, kwamba mwili wake ni gogo la mninga lililokataa shoka, kwamba alfajiri ya Temeke huamshwa na miguu yake. Balozi akasoma akikunja uso, akaongeza kwa mkono wake: *na huhudhuria mikutano bila kukosa*. Kisha akautoa mhuri kwenye vifungo, akaupulizia pumzi, akagonga.

Asubuhi ya pili Bingwa alipokwisha kwenda kazini, mkewe aliniita pale kwenye chuma chake. Aliniita shemeji, na shemeji ile haikuwa na sukari.

"Shemeji, saa yako mbovu?"

"Nzima."

"Basi mbovu ni wewe." Akamwaga uji kwenye vishimo, saba, bila kudondosha tone. "Mie sina mshale wa sekunde. Nina hivi. Mwaka juzi akikaa kwenye ndoo, namwaga saba, kabla sijavigeuza keshasimama. Siku hizi namwaga, nageuza, naipua, namwaga vingine, navigeuza, na yeye bado kashika magoti. Wewe unasema dakika moja. Vitumbua vyangu vinaivia wapi, mbinguni?"

Nilitazama vile vitumbua vikivimba pembeni, vikiwa na rangi ya dhahabu, kila kimoja kikiwa shahidi.

"Na jicho lake la kushoto je, umeliona?"

"Lina nini?"

"Halina kitu, ndiyo shida yake. Kila asubuhi naweka kikombe chake upande wa kushoto. Kila asubuhi anakipapasa."

Katika daftari langu nilikuwa nimeandika ukurasa mzima juu ya namna Bingwa anavyogeuza shingo, polepole, kama mfalme anayewatazama raia wake. Kumbe alikuwa anatafuta chai.

"Kwa nini humwambii?" nikamuuliza.

"Nilimwambia. Mara ya kwanza akakaa siku tatu hanisemeshi. Mara ya pili akatoka hapa akaruka kamba mpaka akatapika. Mke akisema, ni dharau. Wewe ukisema, ni kijana umekosa adabu. Mama mwenye nyumba anampenda, hawezi. Balozi hana maneno mpaka yawe na mhuri." Akageuza vitumbua vyake, kimoja, kingine, kingine. "Ataingia ulingoni na jicho moja, shemeji. Mie nitaletewa mtu asiyejua jina langu."

Kisha akasema kama anayezungumza na mafuta, "Yupo mtani wake Buguruni. Kesho nampelekea salamu."

Mtani wake alikuwa Mnyamwezi, muuza makaa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo baba mzazi hana. Anaweza kuingia kwako akalala kitandani na miguu yake michafu, akala chakula chako, akakuita maiti mbele ya wakwe, na wewe ukikasirika aibu ni yako. Kwenye msiba, watu wanapolia, mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza alivyokuwa anatembea, mpaka wafiwa wacheke huku machozi hayajakauka. Katika mtaa wetu uliojaa watu waoga kwa upendo, yeye ndiye aliyekuwa na kibali cha kusema kweli. Tena yeye hakuhitaji barua.

Alikuja Jumamosi kabla ya adhuhuri, wiki moja kamili kabla ya pambano. Tulimsikia tangu barabarani.

"Uwiii! Marehemu wetu! Mmemlaza wapi jamani, mbona hamjaniita?"

Watu walitoka mbio vyumbani, mama mwenye nyumba akiwa na kiatu kimoja. Akaingia uani mtu mfupi, mnene, wa miaka hamsini hivi, mweusi kwa makaa mpaka kope, gunia begani. Bingwa alikuwa ameketi mkekani anataka kula.

"Mtani," Bingwa akasema akicheka, "nani amekufa?"

"Maiti inasema!" Mnyamwezi akajishika kichwa. "Mfungeni kidevu, mtashindwa baadaye." Akaketi, akavuta sahani ya wali na samaki mbele yake, akaanza kula kwa mikono ileile ya makaa. "Hiki ndicho chakula cha matanga? Samaki mmoja? Mzaramo hata akifa ni bahili."

"Mtani, nina pambano wiki ijayo."

"Najua. Ndiyo maana nimewahi. Wiki ijayo watu watakuwa wengi, sitapata pilau."

Watu wakacheka. Uani ulikuwa umejaa, wengine wakichungulia juu ya uzio. Alipomaliza samaki akadai mirathi yake, glovu na bukta ya marehemu. Mke wa Bingwa alikuwa nazo tayari mikononi, nami nikashangaa zilivyofika upesi. Mnyamwezi akazitundika glovu shingoni, akaivaa bukta juu ya suruali, ikagoma chini ya kitambi. Akachukua kamba. Akaruka mara tatu, akaanguka juu ya ndoo, akashika magoti, akahema kama ng'ombe aliyefika mnadani kwa miguu. Kisha akaninyanyulia macho ya ndama.

"Mwandishi, bado? Ongeza kidogo, mwanangu. Nani atakayejua?"

Uani ulilipuka. Fundi baiskeli alilia machozi. Mimi nilitamani kuingia ndani ya gunia lake la makaa. Bingwa alicheka na wote, kwa sauti kubwa, lakini kicheko kilipokuwa kinaendelea alinitazama, na mimi nikatazama pengine.

Mtani hakuwa amemaliza. Akaigiza shingo, ile shingo ya mfalme, akizungusha kichwa chote ili amwone mama mwenye nyumba aliyesimama kushotoni kwake, akaiamkia nguzo ya kamba ya nguo badala yake: "Shikamoo, mama." Kicheko kikapungua kidogo. Wengine walikuwa wameanza kuelewa.

Akazivua zile glovu shingoni.

"Simama, mtani. Nipige."

"Nikupige wewe, mzee wa makaa? Nitafungwa."

"Basi nikupige mie."

Bingwa akainuka akitabasamu, mikono chini, kama mtu anayecheza na mtoto. Mnyamwezi akamzunguka kuelekea kushoto, kitambi mbele, miguu ikiburuta. Akamzaba kofi jepesi la shavu. Watu wakacheka. "Umebahatisha," Bingwa akasema, akainua mikono. Kofi la pili likatua palepale. Waliocheka walikuwa wachache.

La tatu alilileta polepole. Aliunyanyua mkono juu kabisa, kiganja cheusi wazi, akakisubirisha hewani, na sote tukakiona, mpaka watoto juu ya uzio wakakiona, kikisafiri kuja kwa mwendo wa mtu anayefukuza nzi. Bingwa alikuwa amekaza misuli yote ile niliyoiandikia barua. Kifua kilikuwa kizuri. Miguu ilikuwa mizuri. Akapigwa.

Kwenye chuma cha vitumbua mafuta yalikuwa yamepoa, kuku mmoja akapita katikati yetu kana kwamba uani ni wake. Shavu la kushoto la Bingwa lilikuwa na alama za vidole vya makaa, zimepandana.

Mtani akamsogelea, akasema kwa sauti ambayo nadhani ni sisi wa karibu tu tulioisikia. "Yule askari hana mkono mwepesi kama wangu, mtani."

Halafu akajigonga kitambi na kupiga kelele tena kwamba mfiwa gani huyu asiyetoa hata kahawa, na watu, kwa shukrani, wakacheka wote kwa pamoja.

Walipotawanyika, Bingwa alikwenda bombani akaosha uso. Aliosha muda mrefu. Nilimsogelea kwa upande wa kulia.

"Ilikuwa ngapi?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Dakika moja na nusu. Juzi, karibu mbili."

"Mbili kasoro sekunde nane." Akafunga bomba. "Na mie nilikuwa nahesabu."

"Kwa nini hukuniambia, kaka?"

Akajipangusa kwa kiganja, akanitazama vizuri, akigeuza kichwa kwa ajili hiyo.

"Niliona unafurahi," akasema. "Na mie nilitaka kupanda ndege."

Jioni ile tulikwenda kwa balozi kuomba barua nyingine. Alikuwa anashona sare za shule, akasimamisha mguu kwenye pedali.

"Jumapili mhuri umesema yumo," akasema. "Leo Jumamosi mnataka mhuri huohuo useme hayumo? Mwezi huuhuu? Watauliza kama mtaa huu una balozi au kinyonga."

"Lakini kweli ni hii," nikasema.

"Kweli ilikuwa na mkutano wake, ndugu katibu, na wewe ndiye uliyeiandika." Akamhurumia Bingwa kidogo. "Naweza kuandika kwamba umehama."

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi Bingwa alivaa lile shati la pasi, nami nikaomba ruhusa kazini, tukaenda wote kiwandani. Mke wake alikuwa amempa vitumbua viwili kwenye karatasi, na mpaka tunafika alikuwa ameshika karatasi ile bila kuifungua, mafuta yamemtoka mpaka kwenye vidole.

Mwenyekiti wa michezo alitupokea kwa mikono miwili. Barua ilikuwa mbele yake mezani. Alikuwa ameisomea kamati, alisema, na kamati ilisimama na kupiga makofi.

"'Gogo la mninga lililokataa shoka!'" akasoma, mashavu yakimcheza. "Balozi wenu ni mtu wa elimu kubwa. Jumamosi nitakuwa mstari wa mbele. Nimekwisha waambia watu wa timu ya taifa."

"Mwenyekiti," Bingwa akasema, "sitapigana."

"Unaumwa?"

Nilimwona akilitazama neno lile. Lilikuwa limefunguliwa mbele yake kama mlango wa teksi. Angesema tumbo, angesema homa, pambano lingesogezwa mwezi mmoja, na ndege ingebaki palepale angani.

"Siumwi. Jicho la kushoto halioni. Tangu mashindano ya mwaka jana. Na raundi ikiisha, nahitaji dakika mbili."

Mwenyekiti akaitazama barua, akamtazama yeye, akairudia barua, kama mtu anayechagua kati ya mashahidi wawili na mmoja tu ana mhuri.

"Lakini hapa imeandikwa uko kwenye kilele."

"Nimekwisha shuka."

"Unajua maana yake? Unatoka kwenye timu. Unarudi kwenye marobota kutwa nzima. Maziwa ya wachezaji hupati. Na ile safari ya ndege..."

"Ndege nitaitazama ikipita," Bingwa akasema. "Kwa hili la kulia."

Mwenyekiti hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akavaa. Nje mashine zilikuwa zinaunguruma, na kijivumbi cha pamba kilielea ofisini kikatua juu ya mabega yetu.

"Sasa nimwandike nani?" akasema, akiwa na hasira ya mtu aliyeharibiwa fomu. "Jumamosi ndiyo hii inakuja. Wanataka jina. Nimwandike nani?"

Bingwa akasimama, akalikung'uta shati lake taratibu, upande wa kulia, kisha upande wa kushoto.

"Mwandike aliyeandika barua," akasema. "Anajua kila kitu."

Akampa mwenyekiti mkono, akanipita bila kunitazama, ingawa nilikuwa nimesimama kuliani kwake. Akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.